Kisima kikikosa mvuke, nani analipa?

Mwaka 1956, miaka saba kabla Kenya haijapata uhuru, wachorongaji walifunga mitambo yao Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, wakaanza kutoboa visima viwili. Mahali penyewe palijitangaza: mvuke ulikuwa ukifuka kwenye nyufa za miamba tangu enzi ambazo Wamasai wa huko hawakumbuki mwanzo wake. Kisima kimoja kilikaribia mita 1,000 kwenda chini. Joto lilikuwepo, tena kali, ila mvuke wa kutosha kuendesha mtambo haukutoka. Kazi ikasimamishwa, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla ya mtu yeyote kurudi na nia ya kuchimba tena.

Leo Olkaria hiyohiyo ndiyo inayobeba umeme wa Kenya. Nchi hiyo ina mitambo ya jotoardhi yenye uwezo wa takriban megawati 950, karibu yote katika eneo hilo moja, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake hutokana na mvuke. Husimuliwa kama habari ya ushindi, na wenyewe wana haki ya kujivuna. Lakini ukiifuata kwa makini utaona kwamba uhondo wake umo kwenye visima vilivyokosa, na kwa yule aliyevilipia asikate tamaa.

Tuanze na joto lenyewe, kwa maana hilo halina mjadala. Dunia ni moto ndani. Sehemu ya moto huo imebaki tangu ilipoumbika, na sehemu inazalishwa kila siku na madini ya mnururisho yanayovunjikavunjika ndani ya miamba. Mahali pa kawaida, kila kilomita moja unayoshuka joto hupanda kwa nyuzi 25 hadi 30. Maana yake ni kwamba hata chini ya Dodoma au Berlin moto upo, ila uko mbali mno na kuufuata ni gharama. Kwenye Bonde la Ufa mambo ni tofauti. Hapo gamba la dunia linachanika na kukonda, miamba iliyoyeyuka imepanda karibu, na kisima cha kilomita tatu kinaweza kukutana na nyuzi 300.

Hata hivyo moto peke yake hautoshi. Unahitaji maji yaliyozama chini na kupashwa humo kwa miaka mingi, na unahitaji nyufa za kuyapitisha. Vikikutana vitatu hivyo, kisima hufoka chenyewe: mchanganyiko wa mvuke na maji hupanda kwa kishindo, hutenganishwa juu, mvuke ukazungusha mapanga ya mtambo unaofua umeme, na maji yakarudishwa ardhini kupitia kisima kingine. Mtambo hufanya kazi mchana na usiku, masika na kiangazi. Ukame unaokausha mabwawa hauugusi. Kikikosekana kimojawapo, hasa nyufa, umelipia shimo refu lenye joto.

Na shimo hilo si la senti mbili. Kisima kimoja cha kina hicho hugharimu dola milioni kadhaa. Wanajiolojia watapima mkondo wa umeme ndani ya miamba, watachunguza gesi zinazotoka kwenye chemchemi, watachora ramani za nyufa, na bado hawawezi kuapa. Anayejua kilichomo chini ni aliyechimba. Ndiyo sababu benki huwa tayari kukopesha fedha za kununua mitambo na nguzo baada ya mvuke kuonekana, ila hukimbia ukizungumzia visima vya mwanzo. Swali linalotawala biashara hii duniani kote ni moja tu: hasara ya visima vya mwanzo aibebe nani?

Wa kwanza kabisa kufua umeme kwa mvuke wa ardhini hakulazimika kulijibu. Tarehe 4 Julai 1904, huko Larderello katika mkoa wa Toscana, Italia, mwanamfalme Piero Ginori Conti aliunganisha jenereta ndogo na mvuke uliokuwa ukitoka ardhini, akawasha balbu tano. Miaka tisa baadaye, 1913, mtambo wa kilowati 250 ulianza kazi ya kibiashara hapohapo. Wengi huishia kwenye balbu. Kinachosahaulika ni kwamba bonde lile lilikuwa limekwishachimbwa kwa karibu karne nzima, kwa sababu kampuni ya familia ya Larderel ilikuwa ikitafuta asidi ya boriki na kuiuza. Visima vilikuwa vimelipiwa na biashara nyingine. Umeme ulikuja kama mgeni aliyekuta chakula mezani.

Afrika nayo ilianza kwa njia inayofanana. Vitabu na magazeti mengi huiita Olkaria mtambo wa kwanza wa jotoardhi barani, na hapo Wakongo wana haki ya kulalamika. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, Katanga, mgodi mmoja ulifunga mtambo mdogo wa takriban kilowati 200 kwenye chemchemi ya maji ya nyuzi 91. Haukuishi miaka mingi, na leo ni nadra kumpata anayeukumbuka hata Lubumbashi kwenyewe. Lakini ulikuwepo, katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili, miaka sita kabla New Zealand haijawasha mitambo yake ya Wairakei na miaka minane kabla ya Marekani kuanza The Geysers, kule California. Wenye mgodi nao hawakucheza kamari ya kisima kirefu. Maji ya moto yaliwafuata juu.

Iceland ndiyo iliyolijibu swali lile kwa akili zaidi. Mwaka 1930, maji ya moto kutoka kwenye chemchemi ambazo wanawake wa Reykjavik walikuwa wakifulia nguo yalipitishwa kwenye bomba lenye urefu wa kilomita tatu hivi hadi kwenye shule, hospitali, bwawa la kuogelea na makumi ya nyumba. Mji uliokuwa ukivuta moshi wa makaa ya mawe ukaonja joto lisilo na masizi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, serikali iliamua nchi nzima ifuate njia hiyo, na leo nyumba tisa katika kila kumi zinapashwa kwa maji ya ardhini. Kilichowezesha ni mfuko wa taifa uliowakopesha wananchi na halmashauri fedha za kuchimba kwa sharti moja la ajabu: kisima kikifaulu, mkopo unalipwa, kikikosa, mkopo unageuka ruzuku na deni linafutwa. Kijiji cha wavuvi kikapata ujasiri wa kutafuta, kwa kuwa kukosa hakukukiua.

Wakenya walijifunza mengi huko. Tangu mwaka 1979 Iceland imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi yaliyoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Wakenya wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wanafunzi wake.

Turudi Olkaria. Uchimbaji ulifufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Kisima cha kwanza cha awamu hiyo hakikufaa. Cha pili kikafoka. Laiti wangeishia kwenye kile cha kwanza, pengine leo Naivasha ingejulikana kwa maua na viboko tu. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa, na kufikia 1985 ilikuwepo mitatu, jumla megawati 45. Hesabu kuanzia 1956 uone: miaka 25 toka kutoboa hadi kuwasha taa.

Kisha kikaja kipindi kirefu cha usingizi. Fedha za wafadhili zilipungua, mabwawa ya Mto Tana yalikuwa yamejaa, na hakuna mwanasiasa aliyeona haraka. Mwaka 1999 mvua zikagoma. Nairobi ikaingia kwenye mgao mkali, jenereta za dizeli zikakodiwa kwa bei ya kukaba roho, na wakati mabwawa yakionyesha matope, ile mitambo ya zamani ya Olkaria iliendelea kuzunguka kana kwamba haijasikia habari. Hapo ndipo siasa ilipogeuka. Olkaria II ikaanza kazi 2003. Mwaka 2014 ikawashwa Olkaria IV ya megawati 140, pamoja na upanuzi mkubwa wa Olkaria I. Olkaria V ikafuata 2019.

Katikati ya hayo, mwaka 2008, Kenya iliunda kampuni ya umma iitwayo GDC ikiwa na kazi mahususi: kuchimba kwa fedha za serikali, kubeba hasara ya visima vinavyokosa, kisha kuwauzia mvuke uliokwishathibitika wawekezaji binafsi. Ni lilelile wazo la Iceland lililovaa kanzu ya Kiafrika. Je, limefanya kazi? Kwa nusu. Kwenye kreta ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, GDC ilianza kuchimba Februari 2011. Mvuke ulipatikana. Mikataba ya kampuni tatu, kila moja mtambo wa megawati 35, ilikaa mezani kwa miaka kwa sababu ya dhamana, malipo na mabishano ya kisheria, na ya kwanza kati yake iliingiza umeme kwenye gridi mwaka 2023. Miaka kumi na miwili, na safari hii wa kulaumiwa si miamba.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2013 ilichimba kwenye miteremko ya mlima Karisimbi kwa fedha zake yenyewe. Kisima cha kwanza kilizidi kidogo mita 3,000, na huko chini hapakuwa na joto la maana. Cha pili hakikuwa na habari njema zaidi. Mradi ukasimama. Watu wengi waliucheka, nami nadhani walikosea. Serikali ndogo ilithubutu kuuliza swali la gharama kubwa na ikapata jibu la wazi. Kosa lingekuwa kuendelea kuchimba kwa aibu. Hatari ya namna hiyo Umoja wa Afrika ulikuwa umekwishaiona: tangu 2012, kwa fedha za Ujerumani na Umoja wa Ulaya, una mfuko unaolipia sehemu ya gharama za visima vya utafiti Afrika Mashariki, ili taifa moja lisibebe hasara peke yake.

Msomaji anaweza kudhani nishati hii imetapakaa duniani. Haijatapakaa. Ukijumlisha mitambo yote ya umeme wa jotoardhi iliyopo ulimwenguni, unapata takriban megawati 16,000. Bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo dunia nzima, tangu balbu tano za mwaka 1904, imejenga kiasi cha mabwawa ya Rufiji saba au nane. Marekani inaongoza, ikifuatiwa na Indonesia, Ufilipino, Uturuki na New Zealand, na Kenya haiko nyuma sana. Katika nishati ngapi nchi ya Kiafrika imo kwenye kundi la kumi bora kwa ufuaji, wala si kwa kuuza malighafi?

Japani ndiyo kichekesho cha orodha hiyo. Kwa hazina ya joto inahesabiwa ya tatu duniani, baada ya Marekani na Indonesia. Kampuni zake, Mitsubishi, Toshiba na Fuji, zimetengeneza sehemu kubwa ya mitambo ya mvuke inayotumika duniani, ikiwemo ya Olkaria. Nyumbani kwao lakini umeme wa jotoardhi haujafika hata megawati 1,000. Hazina kubwa imo ndani ya hifadhi za taifa, na pembeni yake kuna wenye nyumba za kuogea maji ya moto, biashara ya vizazi na vizazi, wanaoogopa kwamba kisima cha jirani kitawakaushia chemchemi. Waziri yeyote wa Tokyo hufikiri mara mbili kabla ya kugombana nao.

Wala hofu yao si ya kipuuzi. Huko Rotorua, New Zealand, wakazi na wenye hoteli walichimba visima vingi vya kujipashia joto hadi chemchemi maarufu za kufoka zikaanza kunywea, na katika miaka ya 1980 serikali ikaamuru visima vilivyo karibu na ile kubwa ya Pohutu vifungwe. The Geysers, eneo kubwa kuliko yote duniani, lilinyonywa kwa pupa mpaka mvuke ukaanza kupungua mwishoni mwa miaka hiyohiyo. Likaokolewa kwa njia ambayo wahandisi waliionea fahari na wasimamizi wa mabomba ya vyoo wakacheka: maji taka yaliyosafishwa ya miji ya jirani, Santa Rosa ikiwa mojawapo, husukumwa kwa bomba hadi milimani na kumiminwa ardhini ili yageuke mvuke.

Hatari mbaya zaidi imetokea pale watu walipojaribu kutengeneza nyufa kwa nguvu mahali ambapo hazipo. Wazo lenyewe ni zuri: kama mwamba ni moto ila hauna njia za maji, pasua kwa shinikizo, pitisha maji, vuna joto. Mjini Basel, Uswisi, mwaka 2006, kazi hiyo ilizua mtikisiko wa ukubwa wa 3.4 na mradi ukafutwa. Pohang, Korea Kusini, haikupata bahati hiyo. Tarehe 15 Novemba 2017 tetemeko la ukubwa wa 5.4 liliangusha kuta, likajeruhi makumi ya watu, na nchi nzima ikaahirisha kwa wiki moja mtihani wa kuingia vyuo vikuu uliokuwa ufanyike kesho yake. Mwaka 2019 tume ya serikali ilitamka kwamba mradi wa jotoardhi wa jirani ndio uliolichochea. Siku hizi kampuni za Marekani, Fervo ikiwa mbele, zinarudia wazo hilo huko Nevada na Utah kwa mbinu za visima vya mlalo zilizokopwa kwa wachimba mafuta. Majaribio ya 2023 yalitia moyo. Mbinu hizo zikifaulu kwa bei nafuu, hata nchi zisizo na volkano zitaingia mchezoni. Sisi wenye nyufa za bure tusiwe wa kwanza kukimbilia huko.

Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya kampuni. Ili kujenga Olkaria IV, familia zipatazo 150 za Wamasai zilihamishwa mwaka 2014 kupelekwa makazi mapya. Nyumba zilikuwa za matofali, kulikuwa na shule na zahanati, na kwenye picha zote palipendeza. Wenyewe walisema ardhi ina makorongo, barabara ni mbovu, hati ya ardhi inacheleweshwa, na kwamba waliokuwa wakiishi kwa kuwauzia watalii shanga karibu na Hifadhi ya Hell's Gate sasa wako mbali na wateja. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mikopo. Uchunguzi ulikuta mengi ni ya kweli, na yakafuata mazungumzo ya usuluhishi yaliyomalizika kwa makubaliano ya kurekebisha. Hawa nao walilipia kisima. Wao hawakuulizwa kama wangependa kuwa wawekezaji.

Inashangaza kwamba joto likitumiwa moja kwa moja, bila kugeuzwa umeme, ugomvi hupungua na faida hukaa karibu. Huko Eburru, kaskazini ya Naivasha, wanavijiji wamekuwa wakikinga mvuke kwa mabomba, ukapoa ukawa maji ya kunywa katika nchi isiyo na mito. Kibiro, kwenye mwambao wa Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wanachuja chumvi kutoka kwenye udongo unaolowa maji ya chemchemi za moto, kazi iliyorithishwa toka kwa bibi hadi mjukuu kwa karne kadhaa. Shamba la maua la Oserian, jirani wa Olkaria, lilipitisha joto la kisima kwenye vitalu vya waridi ili kuondoa unyevu wa usiku unaoleta ukungu. Ufaransa hupasha maelfu ya nyumba za vitongoji vya Paris kwa maji yasiyofika hata kiwango cha kuchemka. Chai, pareto, samaki, maziwa: karibu kila kitu ambacho mkulima wetu hukausha au kupasha kwa kuni kingeweza kufanyiwa kazi na kisima kifupi na cha bei ndogo. Wizara zetu hupenda megawati kwa sababu megawati hukatiwa utepe.

Tena megawati zenyewe zina usumbufu wake. Saa nane za usiku, Wakenya wamelala na viwanda vingi vimezimwa, gridi yao haihitaji umeme wote wa Olkaria, kwa hiyo sehemu ya mvuke huachiwa hewani bure. Saa moja jioni, kila jiko na televisheni vikiwa vimewashwa, umeme hautoshi na mitaa mingine hukatiwa. Kisima hakijui saa.

Tanzania iko wapi katika haya? Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, tanzu ya TANESCO, iliundwa mwaka 2013. Makadirio rasmi hutaja megawati 5,000 nchi nzima. Maeneo yanayotajwa kila mwaka ni yaleyale: Ngozi, lile ziwa la kreta lililojificha ndani ya msitu wa Uporoto mkoani Mbeya; Kiejo-Mbaka kule Rungwe; Songwe; Natron; na Luhoi, Pwani. Kwamba chini ya Rungwe pana kitu si siri hata kwa wauza soda, maana gesi ya kaboni dayoksaidi huvunwa huko toka ardhini na kuuzwa viwandani. Visima vifupi vya utafiti vimetobolewa. Lakini miaka zaidi ya kumi baada ya kampuni kuundwa, Gridi ya Taifa haijapokea hata megawati moja ya mvuke.

Na sasa Rufiji imejaa, mitambo yote tisa ya bwawa iko tayari, na maswali ya jotoardhi yamepoa. Ndivyo Wakenya walivyosinzia walipokuwa na Mto Tana. Mgao wa 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2022 yote ililetwa kwetu, kwa sehemu kubwa, na mabwawa yaliyopungua maji, nasi tumejibu kwa kujenga bwawa kubwa zaidi. Kutoka kisima cha kwanza hadi umeme, Olkaria ilichukua miaka 25 na Menengai 12. Anayetaka mvuke wa Ngozi uwepo katika ukame wa miaka ya 2030 anapaswa kuwa anachimba kwa kina leo, kwa fedha za umma, akijua baadhi ya visima vitatoka vitupu na vitaandikwa kwenye ripoti ya Mkaguzi Mkuu kama hasara. Waziri atakayesimama Dodoma siku ya bajeti kuomba fedha hizo aseme mapema, kabla ya wabunge kuanza kupiga meza, visima vingapi anatarajia vikose.